Mpiga Piano Aliyerudi Kwao kwa Redio

Katika nchi ya Kwale, kuanzia ng'ambo ya Likoni hata Vanga, piano ni chombo ambacho watu wengi hawajapata kukigusa. Sengenya ya Wadigo huchezwa kwa ngoma na nzumari, wala haina haja ya sanduku zito lenye nyuzi zaidi ya mia mbili. Hata hivyo yuko mpiga piano mmoja ambaye habari zake zafaa kujulikana Diani na Msambweni, kwa sababu ya jinsi watu wa kwao walivyomkumbuka na jinsi redio ilivyowasaidia.

Jina lake Frédéric Chopin. Alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Żelazowa Wola, karibu na mji wa Warsaw. Baba yake alikuwa Mfaransa na mama yake Mpolandi. Siku hizo Polandi ilikuwa imekwisha kugawanywa na majirani zake watatu, na kuanzia mwaka 1815 Warsaw ilikuwa chini ya Warusi. Kijana huyo alipokwenda mashambani wakati wa likizo alisikiliza sana nyimbo na ngoma za wakulima, na baadaye akazitumia katika muziki wake. Mazurka, kwa mfano, ni ngoma ya mapigo matatu, na kishindo chake mara nyingi huangukia pigo la pili au la tatu, si la kwanza. Mtu aliyelelewa na ngoma za pwani hatapata taabu kuielewa. Huenda akawatangulia wanafunzi wengi wanaohesabu kwa vidole.

Novemba 1830 Chopin aliondoka Warsaw kwenda kutafuta maisha. Kabla mwezi haujaisha, Wapolandi waliwaasi Warusi, wakashindwa, naye hakurudi tena. Alifariki Paris tarehe 17 Oktoba 1849, akiwa na umri wa miaka 39. Mwili ulizikwa huko huko, lakini moyo wake dada yake Ludwika aliuchukua kwa siri ndani ya chupa yenye kileo, akaupitisha mipakani hata Warsaw. Sasa umo ndani ya nguzo ya Kanisa la Msalaba Mtakatifu.

Mwaka 1927 lilianzishwa Warsaw shindano la wapiga piano wa mataifa yote, ambalo ndani yake hupigwa muziki wa Chopin peke yake. Miaka kumi na miwili baadaye vita vilifika. Tarehe 23 Septemba 1939, mizinga ya Wajerumani ikiuangukia mji, kijana aitwaye Władysław Szpilman aliketi katika chumba cha Redio ya Polandi, akapiga Chopin hewani. Siku ile ile kituo kikanyamaza.

Wajerumani walipoutwaa mji waliwakataza Wapolandi kuupiga muziki huo hadharani, na tarehe 31 Mei 1940 wakaivunja kwa baruti sanamu ya Chopin iliyokuwa katika bustani ya Łazienki. Msomaji aweza kushangaa kwamba jeshi lenye vifaru na ndege liliona haja ya kupigana na marehemu wa miaka tisini. Lakini waliojua maana yake ni wale waliokusanyika kwa siri katika nyumba za watu, madirisha yamefungwa, ili wasikilize mazurka moja au mbili.

Wakati huo huo Wapolandi wengine walikuwa wakifika pwani hii. Walikuwa wamechukuliwa na Warusi hata Siberia. Walipofunguliwa walipita Uajemi, na kuanzia mwaka 1942 wakashuka katika bandari za Afrika Mashariki, Mombasa ikiwa mojawapo. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Watu wapatao 5,000 walikaa Tengeru, karibu na Arusha, na makaburi ya waliofia huko yangaliko. Nao walikuwa wameachana na kwao kama Chopin, na wengi wao vilevile hawakurudi.

Redio ya Warsaw ilipofunguliwa tena mwaka 1945, aliyeketi kwenye piano alikuwa Szpilman yule yule. Akapiga Chopin. Mwaka 1958 sanamu ikasimamishwa upya, na tangu mwaka 1959 piano hupigwa mbele yake Jumapili za majira ya joto.

Hapa hapana budi wenyeji wa Kwale wajifikirie. Muziki wa Chopin ulikuwa umekwisha kuandikwa karatasini, hata redio iliponyamaza haukupotea. Mpiga nzumari haandiki. Nyimbo zake zimo kifuani na vidoleni mwake, naye akifa zinakwenda naye, isipokuwa zile alizomrithisha mwanafunzi au zilizonaswa na chombo. Basi anayemrekodi mzee wa Msambweni, awe mtangazaji wa redio au mjukuu mwenye simu, na aandike pia jina la mzee, kijiji chake, jina la wimbo na tarehe. Kanda isiyo na jina ni kama barua isiyo na anwani: haipotei, lakini haimfikii mtu.

Shindano la Warsaw hufanywa kila baada ya miaka mitano, ingawa lile la 2020 liliahirishwa hadi 2021 kwa ajili ya Korona. La mwaka 2025 alishinda Eric Lu wa Marekani, na lijalo linatazamiwa mwaka 2030. Siku hizi hurushwa kwa intaneti, hata mwenye simu Ukunda aweza kusikiliza bila kulipa kiingilio. Katika mwezi wa Oktoba saa za Kwale huzitangulia za Warsaw kwa saa moja. Tarehe 17 asitafute mashindano: siku hiyo wapiga piano hupumzika, na katika kanisa lenye ule moyo huimbwa Misa ya wafu ya Mozart, ambayo Chopin mwenyewe alitaka iimbwe katika mazishi yake.