Afya ya Nyumbani: Mgongo Unaokakamaa Wakati wa Baridi

Mwezi wa Juni ukiisha kuingia, sisi tukaao penye miteremko ya Mlima Meru twajua yanayokuja. Mawingu huufunika mlima, manyunyu huanguka asubuhi, na jua huchelewa. Mji wa Arusha wenyewe umeinuka mita 1,400 hivi juu ya bahari, na vijiji kama Ng'iresi vimeinuka zaidi. Ndipo husikika neno lile lile nyumba kwa nyumba: "Mgongo umekakamaa, siwezi kuinama."

Wengi husema kwamba baridi imeingia mifupani. Sivyo hasa. Mtu akiona baridi, misuli yake hujikaza, naye hukaa amejikunyata kando ya moto saa nyingi. Na misuli isiyonyoshwa huwa migumu. Tena, kati ya pingili za uti wa mgongo mna visahani laini, ambavyo usiku hunywa maji na kuvimba kidogo. Kwa sababu hiyo mgongo huwa mgumu asubuhi kuliko jioni.

Basi, tufanye nini? Kwanza, usiondoke kitandani kwa ghafula. Ukiwa chali, vuta goti moja kifuani, kisha la pili, polepole, mara tano tano. Halafu geuka ubavu, ujiinue kwa mikono. Pili, tembea kidogo kabla ya kushika jembe. Kupalilia na kukata majani ya ng'ombe kungoje kwanza, mpaka mwili upate moto. Tatu, weka joto penye maumivu kwa dakika 15 au 20: kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto kikakamuliwa, nacho kisiwe cha kuunguza. Kuchuliwa taratibu nako kwafaa. Nne, mzigo mzito ugawe mara mbili, nawe uuinue kwa kukunja magoti. Nanyi walimu, msikae kitini tangu kengele ya kwanza hata ya mwisho. Simameni na watoto, mjinyoshe pamoja.

Wala usilale siku nyingi ukingoja maumivu yaishe. Zamani hata matabibu waliagiza hivyo, lakini sasa wameacha, kwa maana kulala sana huidhoofisha misuli. Shirika la Afya Duniani lilitaja watu milioni 619 wenye maumivu ya kiuno katika mwaka 2020. Na katika mwongozo wake wa mwaka 2023, kwa maumivu yaliyodumu, lilishauri mazoezi, wala halikushauri mikanda ya kufunga kiuno.

Nawaonya pia juu ya jiko la mkaa. Msilale nalo chumbani milango ikiwa imefungwa. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua watu usingizini. Heri blanketi la pili.

Lakini si kila mgongo unaouma umepatwa na baridi, na hapa ndipo wengi hupotea. Maumivu yakizidi usiku, yakifuatana na homa, jasho na kukonda, huenda ikawa ni kifua kikuu kilichoingia katika uti wa mgongo. Homa na maumivu ya kiuno huweza pia kuletwa na maziwa mabichi ya ng'ombe au mbuzi mgonjwa. Basi chemsheni maziwa. Mtu kama huyo asichuliwe nyumbani mwezi mzima, bali aende hospitali. Mwenye kifua kikuu cha uti akichelewa aweza kupata kibiongo au kupooza. Akiwahi, dawa zipo, na katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo. Na ambaye miguu yake imelegea au kufa ganzi, au ameshindwa kuzuia mkojo, apelekwe siku ile ile, hata ikiwa ni usiku na mvua inanyesha.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtazameni mzee aliye nyumbani mwenu, mkamwulize leo: mgongo huu waanza lini kuuma, na una homa?