Msiwasingizie watu wa bluu, msikilizeni anayesema

Kila tukivuka bahari kwenda Dar, iwe harusi au matibabu, tunafikia kwa ndugu zetu wa Temeke na Kinondoni. Na kila tukifika tunaukuta mzozo uleule: watoto wanataka kwenda banda la video, wazee wanasema picha za siku hizi zinawaharibu. Iliyobebeshwa lawama safari hii ni Avatar: The Way of Water. Eti majitu ya bluu, yana mikia, yamevaa vipande vya nguo, si mashetani hayo?

Jamani, hebu tuulizane. Nani kati ya wanaolaumu ameitazama mpaka mwisho? Sisi tumeitazama yote, saa tatu na dakika kumi na mbili, tumekaa kitako.

Picha hii ni ya James Cameron, ilitoka Desemba 2022, miaka 13 baada ya ile ya kwanza. Wale watu wa bluu ni kazi ya kompyuta, lakini nyuma ya kila mmoja yupo mwigizaji wa kweli, kavaa nguo ya vidoa na kamera ndogo mbele ya uso wake, akikunja uso tu kompyuta inadaka. Tena wengine waliigiza ndani ya tangi la maji! Kate Winslet alijifunza kubana pumzi kwa zaidi ya dakika saba, jambo ambalo hata sisi wachokoa pweza hatulijaribu. Na yule binti Kiri, wa miaka 14, ameigizwa na Sigourney Weaver aliyezaliwa mwaka 1949. Hesabuni wenyewe. Ukimtazama huwezi kusema kuna bibi mle ndani.

Na hadithi yake? Familia imekimbia vita, inaomba hifadhi kwa watu wa pwani ambao nyumba zao zimening'inia kwenye miti mfano wa mikoko. Watoto wa wageni wanachekwa kwa kutojua kuogelea. Wawindaji wanamfuata mnyama mkubwa kama nyangumi, mama mwenye mtoto wake, wanamuua ili wachukue kimiminika cha kwenye ubongo wakauze. Mke wa mkuu wa kijiji ana mimba na anakwenda vitani na mimba yake. Neytiri anampoteza mwanawe wa kwanza. Mtu wa Kizimkazi au Nungwi hahitaji kufafanuliwa hayo.

Sasa njooni Tandika tuisikilize ile inayoonyeshwa kule.

Kule inaonyeshwa nakala iliyotafsiriwa. Sauti ya filamu inashushwa, mtafsiri anapanda juu yake na Kiswahili chake. Sisi kazi hii tunaipenda, tusieleweke vibaya. Tangu enzi za Lufufu watafsiri wamewafungulia mlango watu ambao hakuna mwengine aliyewafikiria, na mtafsiri hodari anakuchekesha mpaka mbavu zikauma. Mwenye kusema "wapelekeni Mlimani City" apige kwanza hesabu ya tiketi na nauli ya watoto wanne kutoka Mbagala, kisha akumbuke kuwa wakifika watasikia Kiingereza.

Lakini nakala tuliyoisikia sisi, ya mtafsiri ambaye hatutamtaja, ilitutia aibu. Mjamzito anaingia vitani, jamaa anatania tumbo lake kwa maneno ambayo hatuwezi kuyaandika hapa. Neytiri analia juu ya maiti ya mwanawe, na yeye anasifia kiuno. Mabenchi yakaangua kicheko. Mbele kabisa, chini kwenye mkeka, walikaa watoto ambao skuli hawajafika darasa la tatu, na wao wakacheka kwa kuwafuata wakubwa.

Hilo ndilo linaloharibu watoto. Mtoto wa kiume anafundishwa kuwa mama akifiwa ni jambo la kuchekesha. Halafu tunarudi nyumbani kugombana na mkia wa bluu!

Wenye mabanda watasema wao wanaonyesha tu. Hapana. Nani anafungua mlango saa nne usiku na kupokea sarafu ya mtoto wa miaka sita? Huko Marekani kwenyewe picha hii imewekewa onyo kwa wazazi wenye watoto walio chini ya miaka 13. Sisi nasi tunayo Bodi ya Filamu, na kukagua na kupanga madaraja ya umri ni kazi yake. Tungependa kuyaona madaraja hayo yamebandikwa mlangoni Mbagala na Mwananyamala.

Na mabinti zetu wako wapi katika habari hii? Ndani, wanakosha vyombo, kwa sababu banda ni la wanaume na msichana akionekana pale kesho ana jina. Bibi zetu hawakuishi hivyo. Enzi za majumba ya senema, Unguja na Dar, kulikuwa na maonyesho ya wanawake watupu. Walitoka na mabuibui yao, wakalilia picha za Kihindi mpaka leso zikarowa, wakarudi na heshima yao.

Basi wenye mabanda, tupeni Jumamosi moja mchana, wanawake na watoto peke yetu. Wekeni picha hiihii ya watu wa bluu, na maiki mpeni mwanamke anayejua Kiingereza, Temeke wamejaa. Kiingilio tutalipa, na kashata tutakuja nazo.