Mdosi, Hiyo Logi Si Ushahidi

Wasee, leo niko na hasira na sitaificha.

Baada ya kuacha chuo, kabla sijaanza kujirekodi, nilikuwa nashughulikia kompyuta kwenye ofisi moja hapa Kitengela. Watu tisa, ruta moja, kando ya Namanga Road. Mdosi akasikia kwa rafiki yake kuwa DNS inaweza kumwonyesha nani anachezea kazi. Akaniambia niwashe logi. Nikaiwasha, na hakuna mfanyakazi aliyeambiwa.

Wiki ya pili, jina la tovuti ya kubeti likatokea mara kadhaa kutoka kwa kompyuta ya dada wa mapokezi. Asubuhi akaitwa. Kufikia saa saba alikuwa stage na mkoba wake, anangoja matatu ya kurudi kwao Kajiado. Hakuulizwa hata swali moja. Mimi nilinyamaza, juu niliogopa kupoteza kazi yangu.

Sasa wacha niseme nilichopaswa kusema siku hiyo.

DNS haijui ulifanya nini. Kazi yake ni kugeuza jina la tovuti liwe namba ambayo kompyuta inaelewa. Ni kama kuuliza mtu wa stage, "Gari za Isinya zinasimama wapi?" Akikuonyesha, haimaanishi ulipanda. Tena mara nyingi si wewe uliyeuliza! Ukifungua ukurasa mmoja wa habari, kompyuta inatafuta pia majina ya wenye picha, wenye video na wenye matangazo. Tangazo la kubeti likiwa hapo pembeni, jina lao linaingia kwenye logi yako. Dada alikuwa anasoma habari za mvua ama anabeti? Logi haiwezi kukuambia. Haijui hata ni nani alikuwa ameketi kwenye kiti hicho.

Na kabla mseme natetea wavivu: WiFi ni ya ofisi, funga unachotaka. Weka 1.1.1.3 ya Cloudflare kwenye ruta, ni ya bure, inazuia tovuti za virusi na za ngono. Za kubeti ongeza mwenyewe kwenye orodha. Halafu bandika karatasi ukutani: hizi zimefungwa, na sababu ni hii. Ukifunga mlango waziwazi, huna haja ya kuchungulia dirishani. Anayetaka kubeti atatumia bando zake kwa simu, na ruta yako haitajua kitu.

Lakini kufuta mtu kwa sababu ya jina kwenye logi? Zii. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mtu aambiwe data yake inakusanywa na ni ya nini. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inasema kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, aelezwe kosa na asikizwe, na mwenzake wa kazi akiwepo akitaka. Dada hakupata hata moja kati ya hayo.

Kwa hivyo wewe unayeshika kompyuta ofisini, wewe ndiye unajua logi inasema nini na haisemi nini. Mdosi hajui. Ukinyamaza kama mimi, umesaidia kumfuta mtu.

Mtumieni mdosi wenu hii. Kama WiFi itakubali.