Duara Ama Yai?

Niliwachapia wanafunzi wangu wa tuisheni maswali ya marudio, na kijana mmoja wa Kidato cha Tatu, mbishi kweli, akatoa rula akapima duara. Kutoka kitovuni kwenda kando, sentimita 3. Kutoka kitovuni kwenda juu, 2.6. "Mwalimu, hii ni duara ama ni yai?" Nikamjibu kama walimu wote wavivu: mchoro haujachorwa kwa skeli. Uongo. Ulikuwa umechorwa sawasawa, halafu mimi nikaupiga skrinshoti na kuuvuta kwa mausi hadi ukatoshea kwenye nafasi.

Hapo ndipo unapoanzia ugomvi wangu na wasee wa hesabu. Mtu anachapa tasnifu nzima kwa LaTeX, kila mlinganyo umenyooka kama nguo ya Jumapili, kisha akifika kwenye mchoro anabandika picha ya pikseli. Ukikuza PDF, maandishi yanabaki makali, mchoro unageuka ukungu. Mbaya zaidi, x ya kwenye mchoro ni ya fonti nyingine, si ile x ya kwenye aya. Na kwenye hesabu herufi ikibadilika sura huwa ni kitu kingine. R ya kawaida inaweza kuwa nusu kipenyo. R yenye mgongo maradufu ni namba halisi zote.

Mtaniambia GeoGebra inatosha, tena inatoa msimbo wa TikZ yenyewe. Naipenda GeoGebra. Markus Hohenwarter aliianza Salzburg mwaka 2001, na kwa kutafuta umbo sijaona kitu kinachoishinda: unavuta nukta A, unaona pembe ipi inagoma kubadilika. Lakini hebu fungua huo msimbo inaoutoa. Nambari tupu. Mahali mistari miwili inapokatana pameandikwa kwa desimali, kana kwamba nukta ilijiangukia tu hapo. Hamisha mstari mmoja. Nukta inabaki pale pale, imeduwaa. Ukiandika TikZ mwenyewe unasema: nukta P ni pale mstari huu unapokutana na ule. Hiyo ni hesabu. Ile nyingine ni kumbukumbu ya mahali mausi ilipopita.

Eti TikZ ni ngumu. Mwongozo wake una zaidi ya kurasa 1,000, sikatai, na jina lenyewe ni kifupi cha maneno ya Kijerumani yanayosema TikZ si programu ya kuchora. Till Tantau, aliyeiunda, hakumdanganya mtu. Lakini nani amekutuma uusome wote? Nukta, mistari, duara na grafu ni jioni mbili tu. Ukitaka maumbo ya 3D, mche au tufe, nenda Asymptote, maana TikZ haijui yenyewe kitu kipi kiko nyuma ya kingine. Chupa au mkono chora kwa Inkscape, na herufi uiachie LaTeX. Zote ni za bure, kwa hivyo wacha ile programu ya wizi uliyowekewa saibani. Tena msimbo ni maandishi: mchoro mzima unautuma hata kwa bando linalokaribia kuisha.

Mimi nilirudi nyumbani nikafuta ile skrinshoti, nikaandika mstari mmoja:

\draw (0,0) circle (3cm);

Wiki iliyofuata kijana akatoa rula hata kabla ya kusoma swali. Kando, 3. Juu, 3. Akaiweka chini, akaanza kutafuta pembe.