Chapa na Dawa Iliyo Ndani Yake

Simama katika duka la dawa huko Mabibo, Dar es Salaam, usikilize wanunuzi. Ni nadra mtu kutaja parasetamoli, huomba Panadol. Akipewa kidonge cha chapa nyingine hukirudisha, akidai kwamba hicho hakimponyi. Wapo pia waiitao Colgate kila dawa ya meno, lakini mazoea hayo huumiza mfuko tu, kama yanaumiza chochote.

Kwa dawa za maumivu jambo ni zito zaidi. Kidonge cha kawaida cha Panadol kina miligramu 500 za parasetamoli, na kidonge kingine kilichosajiliwa, chenye kipimo hicho hicho, hakigeuki kuwa dawa hafifu kwa sababu ya bei yake ndogo. Lakini hofu yangu si bei. Mgonjwa ajuaye chapa peke yake aweza kumeza Panadol, kisha akaongeza dawa ya mafua yenye jina jingine, asitambue kwamba parasetamoli imo katika zote mbili. Kwa kawaida mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8. Kinachozidi hapo chaweza kuliharibu ini, na siku ya kwanza mgonjwa aweza asihisi lolote.

Jina la dawa yenyewe huchapwa karibu na chapa, mara nyingi kwa herufi ndogo. Mwalimu wa kemia na awaagize wanafunzi walete maboksi matupu kutoka nyumbani, wayapange kwa jina hilo, kisha wahesabu chapa zilizoangukia katika fungu moja.