Kupima Gari ni Kazi, Nayo Ilipwe



Malalamiko ya mafundi na madereva juu ya magari ya zamani ni mengi, lakini safari hii twataka kueleza juu ya gari moja tu, kwa maana ndani yake yamo karibu yote.

Kuna pikapu moja ya Peugeot 504 ambayo hubeba kabeji na viazi kutoka upande wa Naivasha mpaka Nairobi. Wazee wetu wayajua sana magari haya. Yalianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1975 moja yao lilishinda Safari Rally hapa kwetu Kenya. Ni gari la nguvu, bali sasa limezeeka. Hili tunalolisema lilikuwa na ugonjwa mmoja. Kila mchana, likipanda mlima wa Mai Mahiu kwenda Limuru, huzimika. Dereva hupiga stata, injini huzunguka vizuri, lakini haiwaki. Hukaa kando ya barabara nusu saa, hupiga tena, nalo huwaka kana kwamba halikuwa na neno.

Tajiri akasema ni kabureta. Fundi, ambaye ni mwanachama wetu, akaamriwa kuitoa na kutia nyingine. Gari likazimika palepale. Tajiri akasema ni pampu ya petroli. Pampu ikabadilishwa, gari likazimika. Ndipo tajiri akasema dereva anafyonza petroli na kuiuza njiani, na fundi amshirikiana naye. Mwisho wa mwezi fundi akakatwa bei ya kabureta katika mshahara wake, na dereva akapewa barua ya onyo.

Sasa sikilizeni, hasa ninyi vijana mnaojifunza kazi. Gari la kabureta linalozimika likipata joto, na kuwaka likipoa, laweza kuwa na ugonjwa wowote katika minne. Wa kwanza ni petroli kugeuka mvuke ndani ya bomba. Juu milimani hewa ni nyepesi, kwa hivyo petroli huchemka upesi kuliko pwani, na pampu ya gari kama hili haiwezi kusukuma mvuke. Madereva wa zamani walikuwa na dawa yao, kitambaa chenye maji juu ya pampu, nayo husaidia kweli. Wa pili ni tundu dogo la kifuniko cha tangi kuziba. Petroli inatoka lakini hewa haiingii mahali pake, mwisho pampu yavuta bure. Mkifungua kifuniko hicho mtasikia hewa ikiingia kwa sauti. Wa tatu ni kutu na takataka za tangi, ambazo huvutwa mpaka zikaziba mdomo wa bomba, kisha injini ikizimika huzama tena chini. Na wa nne ni koili. Waya mwembamba ulio ndani yake ukiwa umekatika hutengana kwa joto, cheche ikapotea; koili ikipoa waya hugusana tena. Kondensa nayo yaweza kuleta mchezo kama huo.

Kwa mtu aliyekaa ofisini magonjwa haya yote ni kitu kimoja: gari limezimika, gari limewaka. Kuyatenga ni kazi ya dakika kumi, lakini lazima ziwe dakika kumi zile ambazo gari bado limekufa. Ukilivuta mpaka gereji limekwisha poa, na hutaona kitu. Hapo ndipo watu huanza kubahatisha.

Namna yake ni hii. Kwanza hakikisha hakuna petroli inayovuja, maana utatafuta cheche. Chomoa ule waya mnene utokao kwenye koili kuingia katikati ya distributa, ushike kwa koleo kavu la mpira, ukaribishe ncha yake na chuma safi cha injini, uache nafasi kama nusu sentimita. Mwenzako apige stata. Ukiona cheche yenye nguvu ikiruka, koili haina kosa. Tazama upande wa petroli, uanze na kifuniko cha tangi ambacho hakigharimu senti. Usipoona cheche, basi kabureta usiiguse. Chukua taa ya kupimia, utazame kama moto wafika kwenye koili, na kama kontakti za distributa ni safi, zinafunguka na kufunga. Moto ukifika na kontakti zikifanya kazi, na cheche bado hakuna, umebakiwa na koili au kondensa. Na tafadhali, acheni tabia ya kumwagia petroli kwa chupa mdomoni mwa kabureta huku mwingine akipiga stata. Tumewaona watanboi waliochomeka uso kwa jambo hili.

Fundi mwingine wa chama aliomba apande na dereva siku moja tu, awe karibu gari likizimika. Tajiri akajibu, "Nimlipe mtu kwa kukaa ndani ya gari?" Basi akaenda Jumapili, siku yake ya kupumzika, bila malipo. Gari likazimika mahali pake pa kawaida. Akafungua boneti, akapima: cheche hakuna. Moto ulifika, kontakti zilikuwa nzuri. Alikuwa amebeba koili nzima mfukoni. Akaifunga, wakapanda mpaka Limuru bila kusimama. Tangu siku hiyo halijazimika.

Neno letu ni hilo jibu la tajiri. Katika gereji nyingi kadi ya kazi ina mahali pa kuandika kitu kilichonunuliwa, na mahali pa kuandika kazi ya kukifunga. Mahali pa kuandika kupima hapana. Fundi akisimama na taa mkononi, akifikiri, huonekana mvivu. Akifungua boliti ishirini za kitu kizima, huonekana mchapa kazi. Siku hizi wengine hudhani kompyuta itasema kila kitu. Magari mapya husomwa kwa kompyuta, ndiyo, lakini 504 hii haina hata tundu la kuichomeka. Lazima mtu aliulize gari lenyewe.

Hatusemi kwamba makosa yote ni ya matajiri. Wako wenzetu wanaobadilisha betri kabla ya kusugua vichwa vyake. Wako wanaoshtaki stata bila kupima waya wa athi kati ya betri na injini, na hali mita huonyesha mara moja: mguu mmoja kwenye kichwa hasi cha betri, mwingine kwenye chuma cha injini, stata ikipigwa isizidi nusu volti. Ikizidi, athi ndiyo mbovu. Fundi asiyefanya hivyo huwapa matajiri fimbo ya kutupigia sisi sote.

Lakini kumkata fundi mshahara kwa kubahatisha kwa mwingine hatukubali. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yampa mwajiri ruhusa ya kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la kusudi la mfanya kazi. Hapa kusudi li wapi? Aliamriwa kufunga kabureta, akaifunga, na kabureta ile ingali inafanya kazi mpaka leo.

Twataka mambo matatu. Fundi arudishiwe fedha zake, na yule wa Jumapili alipwe siku yake. Barua ya dereva iondolewe katika faili, maana tajiri amekwisha kuiona koili lakini barua bado ipo. Na katika mapatano yajayo, kadi ya kazi iwe na mstari wa kupima, wenye malipo ya saa kama kazi nyingine. Jambo hili litaletwa mbele ya mkutano wa tawi. Mafundi na madereva mje na kadi zenu za kazi na hati zenu za mshahara, hasa kila aliyekatwa kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwa kibovu.