Mikono Haifungi Ulimi

Jumapili iliyopita, katika kanisa moja hapa Kikula, mjini Likasi, mhubiri alituonya kwamba mzazi anayemfundisha lugha ya ishara mtoto mchanga anayesikia anamwitia roho ya ububu. Watu wakaitika amina. Kwenye benchi la mbele yangu walikaa mume na mke, viziwi wote wawili, na binti yao wa miaka tisa, mwenye masikio mazima, akiwatafsiria mahubiri kwa mikono. Nilimwona akisita.

Binti huyo alilelewa kwa ishara tangu siku ya kwanza. Leo anasema Kiswahili, Kifaransa cha shule, na Kiluba cha bibi yake. Kwenye bomba la maji anabishana na watu wazima mpaka wanampisha. Huo ububu uko wapi?

Mama gani wa Likasi hajamfundisha mtoto wake ishara? Wa miezi kumi anapunga kwaheri, anapiga makofi, anainua mikono abebwe. Hakuna anayemkimbiza kwa nabii. Ongeza ishara ya maziwa, ya maji, ya "nimeshiba", na ghafla ni laana! Mikono ya mtoto hutii mapema kuliko ulimi. Anajua anachotaka, ila kinywa bado hakiwezi, ndiyo maana analia mpaka anakauka sauti.

Mwaka 2000, Susan Goodwyn, Linda Acredolo na mwenzao walitoa utafiti wao wa Marekani, waliouanza na watoto wa miezi 11. Waliofundishwa ishara hawakuchelewa kusema. Kwangu hiyo inatosha.

Nje ya kanisa mzee mmoja alinieleza kwamba mtoto atakuwa mvivu wa kusema kwa kuwa mikono inamtosha. Baba, mama akiwa amekupa mgongo, anasonga bukari kwenye mbabula, utamwonyesha nani mikono yako? Mtoto atapaza sauti tu. Hoja hiyo haidumu hata mpaka chakula kiive.

Na woga huu wa ishara si wa mhubiri wetu peke yake. Mwaka 1880, huko Milano, walimu wa viziwi, karibu wote wenye kusikia, waliamua ishara zinaharibu usemi, wakazifukuza mashuleni. Watoto wakalazimishwa kusoma midomo. Ilifika 2010, mkutano wa Vancouver, ndipo uamuzi ule ukakataliwa rasmi. Miaka 130!

Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyefungua shule za viziwi katika nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwemo, alizaliwa akisikia. Homa ya uti wa mgongo ilimnyang'anya masikio akiwa na miaka 11. Homa hiyo tunayo hapa pia. Mtoto unayemkinga na ishara leo anaweza kuzihitaji kesho, na wewe utakuwa huna hata moja ya kumpa.

Kama tunajali masikio, tuanze na vipaza sauti vya makanisa yetu, vinavyonguruma usiku kucha juu ya vitanda vya watoto. Juu ya hilo sijasikia hubiri hata moja.

Baada ya ibada nilimwuliza binti yule jinsi alivyomtafsiria mama yake maneno yale ya ububu.

"Sikuyatafsiri," akasema. "Nilimwambia anatangaza mchango wa mabati."